Usifunike

Oketcho amerudi Tororo na begi moja,
kofia nyekundu ya kazi iliyokunjwa mara nne,
na mkono wa kulia wenye madoa meupe
kama mtu aliyenyeshewa mvua ya moto.
Hatukumuuliza. Mama alimpa kiti na uji.

Siku ya tatu akasema, "Nunueni kuku.
Siyo jogoo wa pale kwa Opendi,
yule amekwenda Malaba kwa miguu na kurudi,
nyama yake ina ukaidi wa askari mstaafu.
Nataka wa kizimbani, mchanga, mvivu."

Tukamkata vipande vinane.
Nilitaka kumtupa karaini papo hapo,
nimezoea hivyo: chumvi na haraka.
Akanishika kiwiko.
"Dada Awor, kuku hulala kwanza."
Akamlaza katika mtindi, kitunguu saumu,
chumvi, pilipili ya kutwanga,
na kwa kuwa friji hatuna,
alilala dukani kwa Opendi, katikati ya soda,
tukalipa shilingi mia tano, pango la usiku mmoja.

Asubuhi, unga: ngano vikombe viwili, muhogo kimoja.
"Muhogo?" nikacheka. "Kule mnatia muhogo?"
"Kule kuna boksi jeupe na siri.
Hapa kuna muhogo."
Akadondoshea matone ya mtindi kwenye unga mkavu,
akausugua kwa vidole hadi ukawa punjepunje,
maana magamba huzaliwa hapo, si karaini.
Kila kipande kilipotoka kwenye beseni
nilimwona Baba akitoka kiwanda cha saruji,
nyusi, kope, ndevu, zote unga,
na sisi tukimrukia, tukibanduka na alama zake.

Sigiri ikashika.
Akachovya mpini wa mwiko kwenye mafuta,
akatazama mapovu yakiuzunguka mti.
"Bado.
Bado.
Sasa."
Vitatu tu kwa mara moja;
ukijaza karai mafuta hupoa, hukata tamaa.
Akainamisha sikio kama anayepokea simu ya mbali:
kwanza kelele za soko,
kisha mvua juu ya bati,
kisha mnong'ono.
"Maji yamekwisha. Toa."
Vikapumzika juu ya waya, vikarudi mara ya pili,
moto mkali, dakika mbili,
hadi vikapata rangi ya barabara ya Nagongera wakati wa kiangazi.

Mimi, kwa malezi mema, nikachukua bakuli
nimfunike kuku, nzi wasimtue.
"Usifunike!"
Sauti ile haikuwa yake.
Ilikuwa ya msimamizi fulani, mahali fulani penye vioo,
na sote tukanyamaza, hata yeye.
Kisha polepole:
"Ukimfunika, mvuke unamrudia. Analainika.
Kazi yote inakuwa bure."
Akaikunjua ile kofia nyekundu,
akaanza kupunga nzi.

Athieno wangu akauma paja.
Kruu!
Jirani akageuka, ng'ambo ya ua.
"Mjomba, kule Kampala ulikuwa unakula kipande kipi?"
Oketcho akatazama karai.
"Harufu."
"Miaka yote minne?"
"Minne. Na Krismasi zake."

Nikampa kidari. Akakishika kwa mikono miwili,
akala hadi mfupa ukawa mweupe,
ndipo maneno yakaanza kumtoka:
mishahara mitatu ambayo hakulipwa,
usiku ule mafuta yalipofurika,
na yule aliyemwambia aoshe sakafu kwanza,
hospitali baadaye.
Mama akafungua kinywa aseme yamepita, mwanangu, yaishe.
Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

Jioni mafuta yalikuwa yamepoa.
Tukayachuja kwa kitambaa, tukayatia chupani.
Oketcho akainua chupa kwenye mwanga wa mlango,
akaitikisa kidogo.
"Yana safari mbili zaidi," akasema,
akakaza kizibo.